Kitanda Kipya cha Bi Mwanaidi

Upele hauulizwi dawa, huulizwa njia. Mmelisikia neno hilo leo kisimani, mkacheka, kisha mkaja kuuliza upele una miguu gani hata uwe na njia. Swali zuri. Kaeni. Methali hii ilianza hivi, katika nyumba moja huko Newala, msimu wa korosho, na nusura izaliwe pamoja na talaka.

Somoe alikuwa na miezi saba tangu aolewe na Mchopa. Aliishi ukweni, na mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, na wifi yake, Salima. Jiko lilikuwa lake. Kisamvu chake kilimfanya Bi Mwanaidi, mjane asiyesifu mtu ovyo, kuuliza asubuhi kama kiporo kimebaki.

Mwezi wa kumi Mchopa alimchongea mama yake kitanda. Hakikuwa kitanda cha mchezo: matendegu manene ya mninga, na kamba mpya za mkonge zilizofumwa miraba. Kwa kuwa mchwa walikuwa wamekwisha kula vitanda viwili nyumbani mle, alikipaka mbao na kamba mafuta ya maganda ya korosho, kama wapakavyo watu wa kule nguzo za nyumba. Mafuta hayo yakiwa mabichi huunguza ngozi, na Mchopa alilijua hilo tangu utoto. Ndiyo maana alikianika juani majuma mawili, mpaka kikawa kikavu kabisa kwa kushika. Majirani walikuja kukitazama. "Huyo ndiye mtoto," walisema.

Siku ya nne tangu kitanda kiingizwe chumbani, Bi Mwanaidi akaanza kujikuna. Siku ya saba mgongo ulikuwa mwekundu, umejaa vipele vya maji, na bega la kulia vivyo hivyo. Wakamwogesha maji ya mwarobaini. Wakampaka majivu. Wakamkamulia ndimu, akapiga ukelele hata kuku wakaruka uani. Kila jirani alileta dawa yake, na kila dawa ilimwacha akiwa vibaya zaidi.

Dawa zilipokwisha, wakatafuta mtu wa kulaumu.

"Kabla huyu hajaja, mama alikuwa na ngozi laini kama ya binti," Salima alisema, akimtazama Somoe. "Mkono unaopika ndio unaowasha."

Kisha Bi Mwanaidi akaenda msibani kijiji cha pili, akakaa siku tano. Alirudi vipele vimenyauka. Salima akapiga makofi. "Mmeona? Amekaa mbali na chungu chake, amepona!"

Somoe akapokonywa mwiko, Salima akaanza kupika. Haikupita siku ya tatu, upele ukarudi kwa ukali zaidi kuliko mwanzo. Mnadhani walimwachia Somoe? Thubutu! Walisema basi ni maji, maana yeye ndiye anayeyachota.

Akaitwa mjomba Litunu, kaka yake Bi Mwanaidi. Kwa watu wale, mjomba akisema mke arudi kwao, hurudi. Kikao kikawekwa Ijumaa baada ya swala. Muda wote huo Mchopa alinyamaza, na kunyamaza kwake kulimchoma Somoe kuliko ulimi wa wifi.

Alhamisi Bi Mwanaidi alitaka kuoshwa mgongo. Salima alikataa, akiogopa kuambukizwa. Somoe akachukua beseni. Alikuwa akikanda taratibu kwa kitambaa cha maji baridi, mara mkono wake ukasimama. Vipele havikuwa vimetawanyika ovyo. Vilikuwa vimejipanga mistari, na mistari ilikatana miraba midogo midogo. Akatazama mbele. Kifua safi. Tumbo safi.

"Mama, unalala ubavu gani?"

"Wa kulia. Huu wa kushoto unaniuma tangu nilipoanguka. Kwa nini?"

"Na kule msibani ulilalia nini?"

"Mkeka, kama wafiwa wote. Unanichunguza, Somoe?"

"Sikuchunguzi wewe, mama. Nauchunguza upele."

Ijumaa walikaa. Mjomba Litunu alipomaliza kukohoa, Somoe aliomba ruhusa.

"Mjomba, sitajitetea. Naomba kuuliza tu. Chakula hupita wapi?"

"Kinywani, kikashuka tumboni."

"Mbona kinywa cha mama hakina hata kipele kimoja? Mbona tumbo ni safi?"

"Uchawi hauna ramani!" Salima akadakia.

"Huu unayo, wifi. Njoo uisome." Somoe akamwomba mama mkwe afunue bega. "Mjomba, tazama miraba hiyo. Kisha nenda chumbani ukatazame kamba za kitanda."

Mchopa aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Kitanda changu? Nimekianika majuma mawili! Mimi mwenyewe nimekishika, nimewashwa wapi?"

"Viganja vyako vimekomazwa na jembe, mume wangu. Jua lilikausha mafuta juu juu. Mama akilala hutoka jasho, na jasho huyaamsha."

Mjomba Litunu aliingia chumbani akakawia. Alipotoka alikuwa anatabasamu kwa pembe ya mdomo.

"Ugomvi wenu ni mdogo. Dada yangu atalala mkekani. Na wewe, fundi, utakilalia kitanda chako, kifua wazi, bila shuka. Nitarudi Jumatatu. Mgongo wako ukiwa mzima, mkeo nitamrudisha kwao mimi mwenyewe."

Siku tatu hizo Somoe hakula vizuri. Nguo zake alikuwa amekwisha kuzifunga.

Jumatatu alfajiri alisikia nguzo ya baraza ikitikisika. Akachungulia. Mchopa alikuwa ameiegemea, anajisugua mgongo juu na chini kama ng'ombe, amekunja uso. Somoe akaketi chini, akacheka huku machozi yanamtoka. Bi Mwanaidi akatoka, akamwona mwanawe, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Mjomba alipofika hakuulizwa hukumu.

"Nisamehe," Mchopa alisema. "Nilinyamaza."

"Ndiyo, ulinyamaza. Geuka nikuoshe."

Kitanda kikaondolewa chumbani, na kamba zile zikafukiwa mbali na nyumba. Shuka na kanga zikafuliwa kwa sabuni na maji mengi. Bi Mwanaidi akakatwa kucha asijichubue, na tabibu wa zahanati akampa dawa ya kupaka, akapiga marufuku ndimu na majivu. Baada ya wiki tatu ngozi ilikuwa imetulia. Salima hakuomba radhi kwa maneno. Aliuweka mwiko mbele ya Somoe akatoka kuchota maji.

Habari zikaenea. Jirani mmoja akaja mbio amembeba mtoto mwenye vipele shingoni.

"Bi Mwanaidi, nitajieni hiyo dawa! Ulipakwa nini?"

Bi Mwanaidi akamtazama mtoto kwa utulivu.

"Umeanzia wapi, umeishia wapi? Mlimvisha nini? Nyumbani nani mwingine anajikuna?"

"Mimi nimekuja kuuliza dawa, mama, si kuhojiwa!"

"Dawa atakupa tabibu. Lakini ukifika kwake mikono mitupu, naye atabahatisha kama tulivyobahatisha sisi, nusura tumfukuze mtoto wa watu kwa kosa la kamba. Keti hapa, tukumbuke pamoja. Upele hauulizwi dawa, mwanangu. Huulizwa njia."