Muuza Kichwa cha Kiazi

Jumamosi, tarehe 9 Machi 1985. Asubuhi ya leo ukungu ulifunika mlima mpaka vizingitini mwa nyumba, na kabla ya saa mbili manyunyu yakaanza, mepesi, yasiyo na upepo.

Redempta, mjukuu wangu, aliingia jikoni na wenzake wawili wakiwa wamelowa mabega. Wanataka kuanza biashara ya kuchukua viazi vikuu vya watu huku milimani na kuviuza soko la mjini. Jana walikwenda kuomba viazi kwa mama mmoja wa ng'ambo ya mto. Mama yule aliwapa, lakini kabla hajawaachia tenga aliwaambia: Muuza kichwa cha kiazi, masika humpita mlangoni.

"Bibi, alikuwa anatutukana?" Redempta aliuliza.

Nikawaambia wakae karibu na moto. Haikuwa tusi. Maneno yale yalisemwa mara ya kwanza hapa hapa kwetu, nami nilikuwepo, msichana mdogo kuliko wao. Mwenyezi Mungu anisaidie nisiongeze wala nisipunguze. Yalizaliwa namna hii.

Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Koleta. Aliolewa bondeni akakaa huko miaka kumi na mmoja. Mumewe alipofariki, ndugu za mume walimwambia kwa upole kwamba nyumba ina wenyewe. Akarudi mlimani kwenye nyumba ya marehemu mama yake, ile ya mwisho kabisa kwenye mgongo wa mlima, ambapo njia ya mashambani inapita karibu na mlango.

Hakuwa na mtoto. Nanyi mnajua kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe. Kulikuwa na Mama Prisila, Mama Adalbati, Mama Kolumba. Yeye alikuwa Koleta tu, kama msichana, na nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Hakuna aliyemchukia. Watu walimsalimu wakipita, akaitikia, wakaendelea na safari zao. Alikuwa akipika chakula cha mtu mmoja kwenye chungu cha mama yake, chungu cha watu wanane.

Mwaka wa pili akapata wazo. Wakati ule kila mwenye viazi alivibeba mwenyewe mpaka mjini, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na wazee wengi waliviacha viozee ardhini kwa sababu magoti yalikataa mteremko. Koleta akaenda kwa Bibi Apolonia, aliyekuwa na mashimo mengi ya viazi kuliko mtu yeyote hapa.

"Bibi, nipe viazi nikakuuzie. Nitachukua sehemu yangu kidogo."

Bibi Apolonia alimtazama shingo, maana shingo ndiyo ingebeba tenga.

"Umewahi kubeba kiazi kikuu, wewe?"

"Nimebeba maji miaka kumi na mmoja."

"Maji yakimwagika unarudi mtoni. Kiazi kikichubuka kinaoza. Haya, nitakupa. Lakini sikiliza. Pesa zikichelewa nitasubiri. Vichwa visichelewe."

Hapo nanyi msikilize vizuri, kwa sababu ndipo penye jambo lenyewe. Kiazi kikuu kina kichwa, pale juu mmea unapotokea. Ukipanda kichwa, kinaota mapema na kwa nguvu. Ukipanda kipande cha tumbo kinajivuta, na mara nyingi kinaoza kabla hakijaona jua. Kwa hiyo kichwa ndiyo mbegu. Lakini huwezi kukikata shambani halafu ukabeba kiazi, kwa sababu penye jeraha joto la njiani litapaozesha. Kiazi kinasafiri kizima. Mchuuzi anakikata kichwa kule sokoni, mbele ya mnunuzi, anakipaka majivu, anakirudisha mlimani kwa mwenye shamba. Mnunuzi analipia mwili. Kichwa hakiuzwi. Hakuna karatasi iliyoandikwa, wala hakuna aliyesimama sokoni kulinda. Mchuuzi anakwenda peke yake na mbegu za watu wote.

Koleta akaanza. Alitoka alfajiri na tenga kichwani na kata ya majani ya mgomba chini yake, akarudi jioni na vichwa. Alivipanga barazani juu ya majani mabichi, vya kila mtu mahali pake. Habari zikaenea, na kila siku aliyorudi sokoni watu walikuja kwake kuchukua vichwa vyao.

Nadhani hakuna aliyejua alivyozipenda jioni zile. Alifagia baraza mara mbili. Aliweka kigoda nje, na sufuria ya chai motoni. Mimi mwenyewe nilitumwa na mama mara kadhaa. Alikuwa akiniuliza, "Mama hajambo? Yule mbuzi wenu amezaa?" Nami nilikuwa na haraka kama watoto wote. Nilichukua vichwa nikakimbia. Wakubwa nao hivyo hivyo. "Asante, Koleta. Mungu akulinde. Jua linazama." Hakuna aliyekaa kwenye kile kigoda. Chai aliinywa mwenyewe, na iliyobaki akaimwaga. Nikikumbuka hilo katika sala zangu huwa ninaomba msamaha, ingawa nilikuwa mdogo.

Ukafika mwisho wa msimu, wiki chache kabla ya mvua. Koleta aliteremka na mzigo wa mwisho, viazi arobaini. Tenga lisingetosha, kwa hiyo alikodi punda wa mtu wa kijiji cha chini, na tenga akalichukua la kurudishia vichwa. Viazi vya Bibi Apolonia vilikuwa zaidi ya nusu.

Sokoni alimkuta mtu mmoja mgeni, Kibwana Pazi, mkulima wa bondeni mwenye shamba kando ya mto. Alimwona akikata vichwa na kuvipaka majivu, akasimama kutazama. Kisha akavuta kigoda kutoka kwa muuza kahawa.

"Dada yangu, kaa kwanza. Umetoka mbali."

Akamwagizia chai na vitumbua viwili. Akamuuliza jina. Akamuuliza kwao ni wapi, mumewe yuko wapi, na Koleta alipomweleza akasema, "Pole sana, dada Koleta. Miaka kumi na mmoja si siku moja." Tangu arudi mlimani, hakuna mtu aliyekuwa amempa pole ile. Walimpa pole ya msiba, ya siku moja, kwa pamoja. Huyu alimpa yake mwenyewe.

Walizungumza mpaka jua likawa juu kabisa. Halafu Kibwana akagusa vichwa kwa kidole cha mguu.

"Hivi vinakwenda wapi?"

"Vinarudi kwa wenyewe."

"Niuzie mimi. Nina shamba lililo tayari, sina mbegu."

"Haviuzwi, kaka."

"Kila kilichopo sokoni kinauzwa." Akacheka, si kwa ubaya. "Hebu niambie. Hao unaowapelekea, yupo hata mmoja aliyewahi kukupa chai kama hii? Huko juu nani anakungoja?"

Koleta alifungua mdomo ataje jina. Alitafuta jina. Halikuja.

Akaviuza vyote arobaini. Kibwana alipofunga gunia alisema, "Wiki ijayo nitakuwa hapa hapa. Tutakunywa chai."

Alipofika mlimani jioni ile watu walikuwa wanamngoja barazani, Bibi Apolonia akiwa mbele. Baraza lilikuwa limejaa kuliko siku zote, maana mvua zilikuwa karibu. Koleta aliteremsha tenga tupu.

"Vimeoza," alisema. "Joto la bondeni, bibi. Vyote vimeoza."

"Vyote?"

"Vyote."

"Majivu ulipaka?"

"Nilipaka."

"Vichwa arobaini, hata kimoja kisinusurike?"

"Hata kimoja."

Bibi Apolonia aliinama, kwa shida kwa sababu ya mgongo, akaingiza uso ndani ya tenga. Tenga lililobeba kiazi kilichooza hunuka mwezi mzima, hata ulioshe mtoni kwa mchanga. Lile lilinuka udongo mkavu na majivu. Akainuka.

"Haya, mwanangu. Pumzika."

Akaondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyegomba.

Wiki iliyofuata Koleta aliteremka sokoni mikono mitupu, akisema moyoni anakwenda kununua chumvi. Kibwana Pazi hakuwepo. Alikwenda tena wiki ya pili na ya tatu. Muuza kahawa akamwambia, "Mama, yule alikuja siku moja tu. Yuko shambani kwake, anapanda."

Ndipo masika yalipofika. Nanyi mnajua masika ya huku yalivyo. Hakuna anayepanda peke yake. Ujima unakwenda nyumba kwa nyumba, leo kwa huyu, kesho kwa yule, majembe thelathini na wimbo mmoja. Waliopoteza vichwa waligawiwa viwili vitatu na waliobakiwa navyo, wakapanda robo ya mashimo yao. Mashimo mengine ya Bibi Apolonia yalijaa maji ya mvua na majani.

Njia ya mashambani ilipita mlangoni kwa Koleta. Kila asubuhi aliusikia wimbo ukija kutoka mbali kwenye ukungu. Alisimama mlangoni na jembe mkononi.

"Hujambo, Koleta?"

"Sijambo. Mnakwenda kwa nani?"

"Kwa Mama Kolumba."

Wakapita. Hawakumwambia asije, wala hawakumwambia njoo. Wimbo ulipungua, ukaishia kwenye ukungu, ikabaki mvua ikigonga majani ya migomba. Alikwenda kwenye kishamba chake kilichokuwa nyuma ya nyumba, akachimba mashimo. Hakuwa na cha kuweka ndani yake. Akayafukia. Siku ya pili akayachimba tena, kwa sababu mtu hawezi kukaa bure wakati wa masika. Alituambia baadaye kwamba alijaribu kusali, akafika kwenye maneno "utusamehe makosa yetu", ulimi ukakataa kuendelea. Aliyarudia siku nyingi, akikomea hapo hapo.

Jumapili moja tulikuwa kigangoni. Sala zilipokwisha, katekista Wigbati alisimama kama kawaida kutangaza kazi za wiki.

"Kesho ujima uko kwa Mama Adalbati. Jumanne kwa mzee Plasidi. Yupo ambaye hajapandiwa?"

Koleta akainuka kwenye benchi la nyuma.

"Mimi sijapandiwa," alisema. "Lakini sijasimama kwa sababu hiyo. Vile vichwa havikuoza."

Mtu mmoja upande wa wanaume akasema, "Kumbe vilifufuka!" Vijana wakacheka. Katekista akamnyooshea kidole, wakanyamaza.

"Niliviuza. Mtu alinikalisha kwenye kigoda akanipa chai, akaniuliza huku juu nani ananingoja. Nikakosa jibu, nikaviuza. Kumbe mlikuwa mnaningoja. Nilipofika jioni ile baraza lilikuwa limejaa. Mlinijia kwa ajili ya vichwa, ni kweli, lakini mlinijia. Sasa hakuna anayekuja. Ninausikia wimbo wenu ukifika mlangoni, halafu ninausikia ukienda."

Hakulia. Ingekuwa rahisi kwetu kama angelia.

Bibi Apolonia hakugeuka kumtazama. Alisema huku akitazama altare, "Tenga liliniambia siku ile ile. Nilikuwa nakungoja wewe uniambie."

"Kwa nini hukunikemea, bibi?"

"Ningekukemea ungejitetea. Sisi nasi hatukukaa kwenye kigoda chako, Koleta. Kila nikipita nakiona. Hilo nalo lisemwe leo." Akavuta kanga yake. "Lakini mashimo yangu yana maji. Chai haijazi shimo."

"Najua."

"Basi utafanyaje?"

Katekista akauliza, "Unataka kuweka ahadi yako mbele ya nani, dada?"

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu wote mlio humu."

Mvua ilikuwa inapiga paa la bati, ikambidi apaze sauti. Tulimsikia mpaka sisi tuliokaa dirishani.

"Nitalima kibarua katika kijiji chochote chenye viazi, na sitachukua pesa. Siku moja ya jembe, kichwa kimoja cha kiazi. Kila kichwa nitakileta kwa mtu niliyempotezea, nikianza na Bibi Apolonia, na changu kitakuwa cha arobaini na moja. Visipotimia masika haya, vitatimia masika yajayo. Na mkinirudishia kazi ya kubeba tenga, mkaniona nateremka sokoni, msinionee haya. Mzee, mtoto, yeyote atakayenikuta njiani, aniambie kwa sauti hata kama nina wageni: Muuza kichwa cha kiazi, masika humpita mlangoni."