Kiboko wa Madirisha Sita

— Nimebeba mzigo!
— Utue!
— Ni mzito!
— Tupokezane!
— Ndani mna uongo!
— Uongo hauozi!

Basi sogeeni. Anayetafuna afunge mdomo kwanza, nisije nikadhani Kiboko yupo humu ndani.

Zamani, wanyama walipokuwa na serikali, na serikali ilipokuwa na semina, palikuwa na bandari pale mto unapoingia baharini. Meli zake zilikuwa kasa. Kasa alitoka ng'ambo na mizigo mgongoni, akaingia polepole, akashusha magunia uwanjani, akageuka, akaenda zake. Hakuna aliyewahi kumlalamikia kasa. Shida ilianza gunia likishagusa ardhi.

Mkuu wa bandari alikuwa Kiboko. Sitasema alikuwa mbaya. Kiumbe mwenye mdomo kama ule ukimweka mbele ya magunia ya watu umemtia majaribuni, na nusu ya lawama ni ya aliyemweka. Lakini nusu nyingine ni yake, kwa sababu alikula.

Ofisi yake ilikuwa nyumba ndefu yenye madirisha manne. Dirisha la Kupokea, Dirisha la Kupima, Dirisha la Kukagua, Dirisha la Ruhusa. Mfalme Tembo alituma mshahara wa majani wa maofisa wanne kila asubuhi. Maofisa wenyewe walikuwa Kiboko, Kiboko, Kiboko na Kiboko. Ndani ya nyumba mlikuwa na kiti kimoja kipana chenye mto wa sufi, na kofia nne zimetundikwa ukutani.

Mwaka ule jua lilikuwa limechoma mashamba ya bara, na wanyama walikuwa wamekula mpaka akiba ya mbegu. Mama Kanga akaagiza mbegu za mtama kutoka visiwani, zake na za majirani zake wote. Kasa akazileta. Kanga akaja bandarini mbio, vifaranga wake kawaacha nyumbani wanachakura udongo mtupu. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kupandana juu ya vilima. Mvua ikinyesha mbegu zikiwa shambani, vifaranga watakula. Mvua ikinyesha mbegu zikiwa uwanjani, zitaota ndani ya magunia na kuoza, na vifaranga hawatakula tena.

Kanga akagonga dirisha la kwanza. Ko ko ko! Dirisha likafunguka, paa!

"Shida?"

"Mheshimiwa, mbegu zangu za mtama."

"Tutajuaje kama ni mbegu?" Kiboko akachota mdomo mmoja. Kacha kacha kacha! "Ni mbegu. Nenda dirisha la pili."

Kiboko akainuka, akaburuta kiti, puu, puu, puu, akabadili kofia, akakaa. Kanga akagonga dirisha la pili. Ko ko ko! Paa!

"Shida?"

"Mheshimiwa, mbegu zangu za mtama."

"Tutajuaje uzito wake?" Akachota mdomo mmoja. Kacha kacha kacha! "Zimepungua uzito. Kuwa mwangalifu na mali yako, mama. Dirisha la tatu."

Akainuka, akaburuta kiti, puu, puu, puu, akabadili kofia, akakaa. Ko ko ko! Paa!

"Shida?"

"Mheshimiwa, ni mimi tena."

"Tena? Mimi sijawahi kukuona." Kacha kacha kacha! "Dirisha la nne."

Kanga akagonga dirisha la nne. Ko ko ko. Kimya. Ko ko ko. Kimya. Akarudi la tatu.

"Mheshimiwa, afisa wa dirisha la nne hayupo."

"Ametoka."

"Atarudi lini?"

"Mama, mimi na yeye ni idara tofauti. Njoo kesho."

Akaja kesho. Afisa yuko mkutanoni. Akaja kesho nyingine. Afisa ana msiba. Na kila siku Kiboko alipita uwanjani kuhakikisha kama mbegu bado ni mbegu, kacha kacha kacha, na magunia yakazidi kulegea.

Hazikuwa mbegu za Kanga tu. Majembe ya Nyani yalikuwa pale, chumvi ya Digidigi ilikuwa pale, magunia juu ya magunia, mpaka kasa wakakosa pa kushusha wakaanza kuelea nje, kisha wakageuza vichwa kwenda bandari ya jirani, ambako Mamba alikuwa mkali lakini mwenye dirisha moja.

Habari zikamfikia Mfalme Tembo. Akakasirika. Akaitisha semina.

Akaalikwa Korongo, mtaalamu anayekuja kila mwaka kutoka ng'ambo, anakula panzi wetu, anatoa ushauri, anaruka zake. Korongo akasimama kwa mguu mmoja akasema bandari inahitaji mageuzi: mizigo ipite upesi, madirisha yapunguzwe. Wanyama wakapiga makofi. Tembo akauliza nani ataongoza kamati ya mageuzi. Kiboko, ambaye alikuwa ameshakula vitafunio vya meza yake na ya jirani, akainua mguu.

"Nani anaijua bandari kunishinda mimi?" akasema.

Kwa kweli hakukuwa na mwingine.

Kamati ikafanya kazi. Kiboko akapaka nyumba rangi. Akaongeza Dirisha la Malalamiko. Akaongeza na Dirisha la Kupunguza Madirisha. Tembo akaongeza majani ya maofisa wawili. Kisha Kiboko akatunga sheria mpya, ikasomwa mbele ya wote:

"Hakuna kitakachotoka majini wala uwanjani kupita lango lolote bila ruhusa ya aliyekaa kwenye kiti. Kiwe cha miguu, cha magamba au cha manyoya."

Korongo akainamisha kichwa. "Mbona hukuwataja maofisa kwa majina?"

Kiboko akakohoa. "Ni wengi, bwana mtaalamu. Majina yangejaza ukuta."

Korongo akaona ni jibu zuri.

Mlinzi wa lango alihitajika, na Kiboko akamchagua Kaa. "Nataka mtu asiyekwenda mbele," akasema, na Kaa kweli alikuwa anakwenda upande.

Siku moja Kaa akamkuta Kanga langoni, kajikunyata, anatazama mawingu.

"Usilie, Mama Vifaranga. Utayalowesha magunia kabla ya mvua."

"Niondokee! Wewe si mtu wake?"

"Mtu wake? Magunia yako yamekaa juu ya mlango wa shimo langu. Tangu yashushwe nalala nje kama mlevi. Sikusaidii wewe, nausaidia mlango wangu. Waambie wenzako waje na vikapu, halafu mnyamaze."

Sisemi Kaa alikuwa mwema. Mmemsikia wenyewe. Akaenda ofisini kiupande-upande, chaka chaka chaka, akamkuta Kiboko kajaa kwenye kiti.

"Mkubwa, kuna kasa nje ya mlango wa mto. Anaogopa kuingia. Anasema atashusha kwa Mamba."

"Aende. Amebeba nini?"

"Matikiti."

Kiboko akafungua jicho moja. "Ya kijani tupu au ya mistari?"

"Ya mistari, Mkubwa. Mengine yamepasuka kwa utamu."

Gulu! Kiboko akameza mate. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi. Na Mamba, ukichelewa."

"Hii ni dharura ya kitaifa," Kiboko akasema. "Nitafanya ukaguzi wa majini. Akija mtu, mwambie maofisa wote wako mkutanoni."

Akakimbia, puu puu puu puu, akajitupa, chubwi! Akaogelea kuelekea baharini. Kaa akafunga lango la upande wa maji, ndi ndi ndi. Kisha akapanda juu ya kiti, akajitumbukiza ndani ya kofia, na kofia ikaonekana imekaa peke yake kwenye mto wa sufi. Sijui kama hiyo ni tofauti kubwa na ilivyokuwa siku zote.

Ko ko ko! Paa!

"Shida?" ikauliza kofia.

"Mbegu zangu za mtama," akasema Kanga kwa woga.

"Pita."

"Dirisha la pili je?"

"Pita. Na la tatu pita, na la nne pita. Una malalamiko?"

"Sina."

"Basi na la tano umepita. La sita mwenyewe sijui kazi yake. Toa magunia!"

Kanga akatoa. Nyani akatoa majembe, Digidigi akatoa chumvi, na foleni iliyokuwa imelala ikaamka, vikapu juu, vikapu chini, hobela hobela, hata kasa waliokuwa wanaelea nje wakaanza kuingia mmoja mmoja wakashangaa kuona ardhi.

Kiboko alizunguka bahari yote. Hakuona kasa wa matikiti. Akaonja maji, yana chumvi. Akarudi amechoka, amevimba kwa njaa, akalikuta lango limefungwa na foleni ya kasa imenyooka mpaka nje. Akataka kupita pembeni.

"Foleni, mzee!" kasa wakapiga kelele. "Foleni! Hata sisi tuna mizigo!"

Akasukuma mpaka langoni, akagonga dirisha la kando yake. Ko ko ko! Paa!

"Shida?"

"Fungua! Ni mimi!"

"Wewe ni kitu gani?" ikauliza kofia. "Umetoka majini?"

"Unaona natiririka!"

"Una miguu?"

"Kaa, nakujua! Toka kwenye kiti changu!"

"Kitu cha miguu kilichotoka majini hakipiti bila ruhusa ya aliyekaa kwenye kiti. Mimi nimekaa. Tutajuaje kama wewe ni Kiboko? Njoo kesho."

Kiboko akanguruma hadi maji yakatetemeka. "Nitalivunja lango!"

"Livunje," kofia ikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Lakini wanyama hawa wanataka kujua ni afisa gani amelivunja. Wewe ni wa dirisha la kwanza?"

Kiboko akafungua mdomo.

"Au la pili? La tatu? Yule wa la nne, aliyefiwa? Sema, mkubwa. Mtaalamu yuko hapa anasikiliza."

Kweli Korongo alikuwa amesimama pale kwa mguu mmoja. Wanyama wote wakageuza shingo. Kiboko akatazama majani ya maofisa sita yaliyorundikwa mlangoni. Akisema yeye ni wa dirisha moja, ataulizwa wengine watano wako wapi. Akisema yeye ni wa yote, ataulizwa majani. Ule mdomo mkubwa, ambao haujawahi kukosa kazi, ukafungika taratibu.

Kiboko akarudi nyuma, akakaa mwisho wa foleni. Kila zamu yake ilipofika, paa! "Shida?" Naye akaambiwa afisa ametoka.

Na mvua ikanyesha. Ikanyesha juu ya uwanja mtupu, ikanyesha bara juu ya mtama uliokwisha fukiwa, Kanga na majirani zake wamesimama shambani wamelowa, wanacheka kama wehu. Mbegu hazikuwa nyingi kama zilivyotoka visiwani. Kiboko alikuwa amezihakikisha sana. Lakini zilitosha, na baada ya muda shamba likawa kijani.

Mfalme Tembo akaja kuyaona mageuzi. Akakuta uwanja mweupe, kasa wanaingia, kasa wanatoka. Akasimama, masikio yakapepea.

"Nani amefanya haya?"

Nyuma ya lango sauti iliyokauka ikajibu, "Ni mimi, Mfalme! Mimi, mwenyekiti wa kamati!"

Wanyama wakamtazama Kaa. Kaa alikuwa ameshashuka kwenye kiti, mlango wa shimo lake uko wazi, mguu mmoja ndani.

"Ni kweli, Mfalme," Kaa akasema. "Bila yeye kuondoka, haya yasingewezekana." Akaingia shimoni, akavuta mchanga.

Tembo akalia kwa furaha. Akamvalisha Kiboko nishani pale pale majini, akamteua Mshauri wa Bandari Zote, aende na Korongo ng'ambo kuwafundisha wengine. Kiboko akaenda. Na mimi nawahurumia hao wa ng'ambo, ingawa labda wana wao mkubwa kuliko huyu.

Kile kiti je? Ikaundwa kamati ya kumtafuta mrithi, ikakaa, ikala, ikaahirisha. Siku za kutaga zikafika, na Kanga, ambaye alikuwa hajawahi kuona mto laini kama ule, akaingia ofisini akatagia hapo. Ukienda leo utamkuta kaatamia. Ukigonga, ko ko ko, hainuki, haulizi shida. Anasema, "Pita, mwenzangu, na ufunge mlango, kuna baridi." Kamati ingali inakaa, na wafanyabiashara wote wanaiombea maisha marefu.

Funzo la ngano hii mmeliona, wanangu. Heshimuni madirisha. Mkubwa akiwaambia mje kesho, njooni kesho, na kesho yake pia, kwa sababu nchi hujengwa na watu wanaojua kungoja, na walioijenga hivyo tunawaona, wana nishani. Yule Kanga aliyepita bila utaratibu hakupata nishani yoyote. Alipata mtama tu.

— Imekatika!
— Nani kaikata?
— Koo langu limekauka!
— Mpeni maji!
— Kutoka dirisha gani?
— Kunywa, mzee, ukalale!