Kiboko Aliyekataa Kufa Kwenye Filamu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kitu, tukisikie!
Sogeeni basi, na mwenye kikohozi akikohoe sasa.

Hapo kale, si kale sana, maana kamera zilikwisha kuwapo, aliishi Bi Pimbi, kinyama kidogo cha majabalini, asiye na mkia wala makuu. Kazi yake ilikuwa kuongoza mchezo wa jukwaani ambao wanyama wa bonde lile waliurithi kwa bibi zao: mchezo wa mfalme katili aliyemuua nduguye, akatwaa maji ya nchi, na mwisho akafa kwa kiu huku analia. Kila mwaka waliucheza, kila mwaka walilia, kila mwaka walirudi makwao wameridhika.

Lakini Bi Pimbi alikuwa na swali lililomwasha kama upupu. Jukwaani mfalme hulia kwa mbali. Aliyekaa nyuma huona mdomo tu. Je, chozi la katili, ukilitazama kwa karibu, likoje? Akaamua mchezo uwe filamu. Akamwita Kinyonga ashike kamera, maana Kinyonga jicho moja hutazama huku na jingine kule, na mkono wake hautikisiki.

Shida ilikuwa maji. Bwawa lilikuwa moja tu, nalo alilikalia Kiboko. Anayetaka kunywa, alete tita la majani. Asiye na majani, aende na kiu yake. Mwaka ule swala watatu walikwenda na kiu zao, wasirudi.

Bi Pimbi akaenda kupiga hodi, aombe bwawa la kuchezea filamu. Chubwi! Kiboko akaibuka.

"Mchezo wa mfalme? Mfalme ni mimi!"

"Sawa, mheshimiwa."

"Na sifi."

"Mfalme hufa, mheshimiwa. Ndio mchezo wenyewe."

"Mimi sifi! Nikifa, hakuna filamu."

Bi Pimbi akajikuna shingo. "Sawa, mheshimiwa. Hakuna atakayekwambia ufe."

Wanyama waliposikia, wakawaka. Punda Milia akasema, "Umeuza mchezo wa bibi zetu! Mfalme asipokufa, sisi tutalia nini?"

"Tuone kwanza," akasema Bi Pimbi.

Wakaanza. Siku ya kwanza, "Kula, mheshimiwa." Kiboko akala, chwa-chwa-chwa, na kamera, kiriri-kiriri. Siku ya pili, "Cheka, mheshimiwa." Kiboko akacheka, hoo-hoo-hoo, na kamera, kiriri-kiriri. Siku ya tatu, "Umeshiba, mheshimiwa. Lala." Kiboko akajibwaga, puu! Mdomo wazi, ulimi nje, miguu juu. Kiriri-kiriri.

"Mbona tunaruka-ruka?" akauliza. "Mwanzo uko wapi, mwisho uko wapi?"

"Filamu ni kama mtama, mheshimiwa. Huvunwa popote shambani, ikapangwa kwenye ungo."

Siku ya nne Bi Pimbi akasema, "Leo mfalme anapanda jabali atazame nchi yake. Huko juu kamera itauona ukubwa wako wote."

Neno "wote" likamnoga Kiboko. Akapanda, gudu-gudu, gudu-gudu, jua la mchana likimwakia mgongoni. Kufika juu, ngozi inapasuka, koo limekauka, miguu haina nguvu ya kushuka. Chini kule, wanyama walikuwa bwawani wanakunywa bila tita wala nusu tita.

"Maji!" akalia Kiboko. "Nipeni maji!"

Kiriri-kiriri. Bi Pimbi akasogea mpaka puani pake, akatazama. Chozi likatoka, likatelemka shavuni polepole, likabeba vumbi. Lilikuwa kama chozi la swala. Bi Pimbi akaduwaa. Alikuwa ametarajia liwe jeusi, au chungu kwa kulitazama tu. Akamwonea huruma, akajishangaa.

Hata hivyo hakusahau kazi.

"Mheshimiwa, mfalme hapewi maji mpaka aseme bwawa ni la nani."

"Langu!"

"Basi tungoje."

Wakangoja. Jua nalo likangoja.

"La wote," akanong'ona Kiboko.

"Wa nyuma hawajasikia, mheshimiwa."

"La wote!"

"Mara moja tena, kwa moyo."

"BWAWA NI LA WOTE!" Mabonde yakaitika.

"Kata!" akasema Bi Pimbi. Wanyama wakapanda na vibuyu, wakammwagia Kiboko mpaka akaweza kusimama.

Filamu ikaonyeshwa pangoni, kwenye shuka jeupe. Mfalme akala, akacheka, akapanda jabali, akalia kiu, akatamka neno lake, kisha puu! Mdomo wazi, ulimi nje, miguu juu. Pango zima likaangua kilio, na aliyelia kuliko wote ni Kiboko.

"Maskini mfalme yule!" akasema. Kisha akastuka. "Ngojeni! Mimi nilikuwa nimelala! Na lile neno la bwawa nilikuwa naigiza!"

"Kumbe unaigiza vizuri hivyo?" akasema Bi Pimbi. "Sasa endelea, mheshimiwa, maana bonde zima limekuamini."

Kiboko akatazama pango zima. Wote walikuwa wanampigia makofi. Hajawahi kupigiwa makofi maishani mwake. Akainama, akashukuru. Kesho yake Punda Milia alipokwenda bwawani mikono mitupu, Kiboko akasogea pembeni, akamgeuzia upande wake mzuri wa uso.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye kuitaka aibebe. Nayo inatufunza, watoto wazuri, tusiwahadae wakubwa zetu hata kidogo, kwani mkubwa akiombwa haki kwa adabu hutoa mara moja, hasa akiombwa juani.