Shujaa wa Wafalme Wawili

"Mpanda farasi wawili hupasuka msamba." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Mbwana asubuhi, kwa kuwa ameahidi kuzichezea timu zote mbili za Ijumaa, nanyi mkaangua kicheko kwa ajili ya hilo neno la mwisho. Haya, mmecheka mmemaliza. Mnataka kujua ilikotoka? Methali hii ilianza hivi, na wewe Kidawa usinikatize, maana ukinikatiza naenda zangu kulala.

Zamani sana, katika nchi moja ya baridi ambako mashujaa walivaa chuma kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu, palikuwa na wafalme wawili, ndugu wa tumbo moja, Otgari na Brunoldi. Baba yao alipofariki walikigombea kiti chake. Huyu alivuta huku, yule akavuta kule, mwishowe wakakikata kwa msumeno. Kila mmoja alichukua nusu yake akaenda upande wake wa mto, akawa anaikalia huku ameegemea ukuta asije akabingirika mbele ya wageni. Tangu hapo hawakusalimiana.

Sasa, palikuwa na shujaa mmoja akiitwa Aldemari. Kipande cha mtu, mabega kama mlango. Aldemari alipenda mambo mawili duniani: kula na kusifiwa. Kwa Otgari kulikuwa na nyama choma ya kutosha kijiji. Kwa Brunoldi nyama ilikuwa haba, lakini kulikuwa na waimbaji waliomtaja mtu mpaka akajiona kazaliwa upya. Aldemari akawaza, kwani lazima nichague?

Desturi yao ilikuwa hivi: shujaa akila kiapo, mfalme humpa farasi, na kila mara mfalme huyo akimwita lazima aje juu ya farasi huyo huyo. Na atakayekula kiapo kwa wafalme wawili, adhabu yake ni kukatwa kichwa. Aldemari aliyajua hayo vizuri sana. Lakini mto ulikuwa mpana, na wafalme hawasemezani. Nani atamwambia nani? Basi akaapa kwa Otgari, akapewa farasi mweupe. Akavuka mto, akaapa kwa Brunoldi, akapewa mweusi. Majina yao ya kwao yanauma ulimi, kwa hiyo mimi nawaita Pamba na Kaniki.

Na vita je? Lo, vita ndiyo ilikuwa raha yake! Wafalme wakipigana, yeye hujificha kichakani akaigonga kofia yake ya chuma kwa jiwe mpaka ikabonyea. Kisha huenda kwa Otgari akichechemea, akalishwa. Kesho yake huenda kwa Brunoldi akichechemea, akaimbiwa. Mkewe, Ermelina, alikuwa akimtazama tu na kutikisa kichwa.

Kilichomharibia Aldemari ni amani. Mama yao wafalme alichoka na ugomvi wa wanawe, akawatumia ujumbe mmoja: "Nataka kuwaona mnakula meza moja kabla sijafa. Mkikataa, nakufa na radhi yangu nakwenda nayo." Nani atacheza na radhi ya mama? Wakakubali. Siku ya mapatano, kila mfalme angesimama upande wake wa uwanja, na shujaa wake mkuu angetoka na bendera, juu ya farasi wa kiapo. Mashujaa hao wawili wangekutana katikati na kubadilishana bendera. Otgari akamwita Aldemari. Brunoldi naye akamwita Aldemari.

Aldemari akatuma habari pande zote mbili kwamba anaumwa. Majibu yakaja yanafanana: pole sana, tutakungoja, bila wewe hapatanishwi mtu.

"Nenda kaseme kweli," Ermelina akamwambia. "Waangukie miguuni. Huenda wakakuhurumia."

"Na wasiponihurumia? Kichwa hiki ninacho kimoja, mke wangu!"

"Ungelikumbuka hilo ulipokuwa unajifanya una viwili."

Aldemari hakulala. Hata kulipokucha alikuwa amepata akili, na akaiona nzuri ajabu.

Watu walikuwa wamejaa uwanjani alipotokea. Hakuwa amekaa, alikuwa amesimama! Mguu mmoja juu ya Pamba, mguu mwingine juu ya Kaniki, bendera mkono huu na bendera mkono huu, chuma chote kinameremeta.

"Yule ni Aldemari wangu!" akasema Otgari.

"Wako? Ebo! Yule ni wangu!" akasema Brunoldi.

"Wafalme wangu," Aldemari akapaza sauti, "mimi ndiye amani yenyewe! Ndani yangu nyote wawili mmekuwa kitu kimoja!"

Watu wakashangilia. Hata wafalme wakaanza kutabasamu. Ila yule mama hakutabasamu. Alisogea mpaka akafika mbele ya farasi, akamtazama juu kule.

"Mwanangu," akasema, "amani ya wanangu nimeielewa. Wewe sijakuelewa. Kaa kitako juu ya farasi mmoja, tujue wewe ni wa nani."

Ermelina akapiga kelele kutoka kwenye umati: "Chagua mmoja, baba! Yeyote! Kaa!"

Aldemari akatazama kulia, akakumbuka nyama. Akatazama kushoto, akakumbuka nyimbo. Alitaka kweli kuchagua, maskini, lakini moyo wake haukuwahi kufanya kazi hiyo.

"Basi farasi watuambie," akasema mama. "Wanangu, kila mmoja amwite wake."

Sasa farasi wale, kila mmoja alizoea kulishwa kwa mlio wa baragumu la mfalme wake. Mabaragumu yakalia pamoja. Pamba akageuka kwa Otgari, Kaniki akageuka kwa Brunoldi, wala hakuna aliyejiuliza mara mbili. Aldemari akawa anapanuka. "Ngoja! Ngoja kwanza!" Nani wa kungoja? Chuma kikalia kraa, suruali ikalia chwaa, na yule bwana akashuka chini kama gunia la chumvi.

Wafalme walicheka mpaka wakashikana wasianguke, na waliposhikana hawakuachiana. Walikuwa hawajacheka pamoja tangu utotoni. Askari wa upanga akasogea na kuuliza kuhusu kile kichwa. Mama akamrudisha nyuma. "Mwache. Aliyekwisha kupasuka chini, ya nini kumkata juu?"

Aldemari akarudishwa nyumbani kwa machela. Ermelina akamkanda kwa maji ya moto na chumvi, akimkanda bila huruma nyingi. Aldemari alikuwa analia. Maumivu angeyavumilia, lililomliza ni kwamba farasi wote wawili walikwenda zao, na hata mmoja hakugeuza shingo kumtazama.

"Wafalme wawili nimewatumikia," akasema kwa kwikwi, "na leo hakuna hata mmoja aliyesema mimi ni wake."

"Ulikuwa wa nani?" mkewe akamuuliza.

Ermelina akakamua kitambaa, akakichovya tena, akasema: "Haya, tanua miguu nikukande. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba."