Kitanda cha Dirishani

“Kutandika kitanda si kuomba mgonjwa.” Biubwa aliyasikia maneno hayo leo, akamwuliza bibi yake yametoka wapi. Bibi hakuacha kuchambua karafuu zake. “Methali hii,” alisema, “ilizaliwa hapa hapa Pemba, tena kwa ugomvi wa mke na mume.”

Bi Kazija alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa. Miezi mingi wodi yake ilikuwa shwari, lakini karafuu zikiwiva tu, majeruhi hujaa hata wengine wakalazwa chini. Tawi la mkarafuu halina urafiki na mtu. Hukatika bila kuaga. Basi mwaka mmoja, kabla ya mchumo kuanza, akaongeza vitanda na kuweka tayari vibao vya kufungia mifupa.

Habari zikawafikia wachumaji, wakanuna. Huyu anatuchuria, anatuitia mikosi! Aliyenuna kuliko wote ni mumewe, Makame, bingwa wa kukwea mikarafuu.

“Mke wangu mwenyewe ananitandikia kitanda cha hospitali?”

“Sikutandikii wewe, bwana. Nautandikia msimu.”

“Kavitandue! La sivyo, chai yako siinywi tena.”

Bi Kazija alimpenda Makame kupita kiasi, na moyoni akaogopa: je, kama kweli anamchuria? Akaenda wodini kuvitandua. Alipoishika shuka ya kwanza, akawakumbuka waliolia sakafuni mwaka uliopita. Akaiacha. Makame akawa anakunywa chai kwa dada yake.

Mchumo ukapamba moto. Vitanda vikajaa, kikabaki kimoja tu, cha dirishani. Mchana mmoja akaletwa mtu kwenye machela, paja limevunjika. Alikuwa Makame. Bi Kazija alimfunga vibao huku machozi yakimtoka.

Maumivu yalipopungua, Makame akaipapasa shuka.

“Ningekuwa nimelala wapi sasa, Kazija?”

“Sakafuni. Na mimi ubavuni pako.”

Makame akanyosha mkono.

“Basi nipe chai.”

Mwaka uliofuata, karafuu zilipoanza kuwiva, wachumaji walimwona Makame akichechemea kuelekea hospitali, godoro begani. Wakaguna: “Hata wewe, Makame?”

Hakusimama. “Enyi wenzangu,” alisema, “kutandika kitanda si kuomba mgonjwa.”