Pembe Yenye Homa

Pembe yenye homa hainyolewi. Shangazi yenu amesema maneno hayo sasa hivi, mlipotaka kumkimbilia Mjomba Famau kumwomba gari la kubebea maharusi, naye bado anafoka, hajamaliza hata kulizunguka kuona lilivyobonyea. Shangazi amesema kweli. Nanyi mmecheka, eti tangu lini pembe ikapata homa. Kaeni basi, maana mtu akilicheka neno asilolijua hunikera kuliko mbu. Msemo huo ulizaliwa hivi.

Zamani, katika mtaa wa Kerezoni, karibu kila mwanamume alikuwa mkerezaji. Mkerezaji alikaa chini mbele ya kerezo, ile mashine ya mbao inayozungushwa kwa uta na kamba. Mkono mmoja ulivuta uta, na mwingine ulishika patasi kukipunguza kitu kidogo kidogo mpaka kipate umbo. Walikereza miguu ya vitanda, vishikizo vya bakora, na kalamu za pembe ya ng'ombe. Kuipunguza pembe kwa patasi ndiko walikokuita kunyoa.

Sasa, pembe si mti. Ukiinyoa kwa pupa inapata moto, na ikipata moto hupasuka. Tena haina adabu ya kupasuka papo hapo mkalijua moja. Huweka ufa mwembamba kama unywele, ikakusubiri. Kwa hiyo wakerezaji wenye akili waliikata ncha ya pembe, wakaipaka mafuta ya nazi na kuiacha kivulini miezi miwili, kisha wakainyoa kwa vituo. Vuta uta mara chache, simama, iguse pembe kwa shavu. Ikiwa ya vuguvugu walisema, "Ina homa," wakaiweka chini na kunywa kahawa mpaka ipoe. Mgeni akipita Kerezoni aliona wanaume wazima wenye ndevu wamelalia pembe mashavuni, akadhani mtaa mzima unaumwa meno.

Fundi mkubwa wa mtaa alikuwa Lali Kombo, mtu wa kanzu nyeupe pe na hasira za karibu. Binti yake aliitwa Mwanatumu, naye ndiye aliyekuja kuwa bibi yangu, mzaa mama. Aliyemposa alikuwa kijana Shekuwe, mkerezaji mwenye mikono mizuri na mdomo mzuri zaidi.

Kerezoni palikuwa na desturi moja. Bwana harusi alitengeneza kalamu ya pembe kwa mikono yake mwenyewe, na sheikh akaandika kwa kalamu hiyo majina ya wanaooana. Majina yaliandikwa kwanza, ndipo baba akaoza. Kalamu ikiwa mbovu, baba alikuwa na haki ya kumrudisha mtu kwao. Hoja yao ilikuwa kwamba asiyeweza kuipumzisha pembe hataweza kuishi na mke.

Shekuwe alipewa miezi mitatu. Miezi yote akaimalizia kwenye bao, na kila aliyemuuliza habari za kalamu alimjibu, "Kalamu? Hiyo mimi nainyoa huku nimefumba macho." Zikabaki siku nne. Akaichukua pembe mbichi, haijanusa mafuta wala kivuli, akaifunga kwenye kerezo na kuvuta uta kama anayekuna nazi za harusi nzima. Alipofika kwenye kutoboa tundu la kutilia wino, keekee ikatoa moshi. Pembe ikiungua hunuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa. Paka wa mtaa wakajipanga mlangoni, na jirani mmoja akaja na bakuli kuuliza supu itaiva saa ngapi.

"Hakuna supu!" akafoka Shekuwe. Akaishika pembe, ikamchoma kidole. Badala ya kuiweka chini, akaitumbukiza kwenye mtungi wa maji baridi. Ikalia, "Tii!"

Alipoitoa, ufa ulikuwa umeshuka upande mmoja kutoka juu hadi katikati. Mtu mwingine angekwenda kwa mkwewe kuomba muda. Shekuwe akachanganya nta na masizi, akauziba ufa, akaisugua kalamu kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Ukiitazama ungesema haijapata kutokea kalamu nzuri kama ile.

Siku ya harusi jua lilikuwa kali, na watu wamejazana ukumbini. Sheikh Badi, mzee mwenye ndevu ndefu nyeupe, alikaa katikati. Kushoto kwake Fundi Lali, kulia kwake Shekuwe akitabasamu. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia pamoja na bibi harusi. Sheikh akaipokea kalamu, akaisifu, akaanza kuandika. Alikuwa mtu wa mwandiko wa taratibu, mwenye kuipamba kila herufi, na mkono wake ulikuwa wa moto. Jina la Shekuwe likaandikwa lote. Likaanza la Mwanatumu. Nta ikaanza kulainika.

Alipofika "Mwanatu", kalamu ikasema, "Pa!"

Wino ukaruka. Ndevu za Sheikh Badi zikawa buluu upande mmoja, na kanzu ya Fundi Lali ikapata ramani kutoka kifuani hadi tumboni. Fundi Lali akaokota kipande cha kalamu, akakwangua kwa ukucha, akaiona nta.

"Umeziba," akasema.

"Baba, ni hili joto la leo," akaanza Shekuwe.

"Umeziba ufa kwa nta, ukamletea sheikh!"

"Baba, hata ng'ombe mwenyewe nasikia alikuwa mgonjwa."

"Ng'ombe?" Sauti ya Fundi Lali ilitikisa vikombe. "Unamsingizia ng'ombe aliyekufa? Hakuna harusi hapa! Sitaki kukuona!"

Nyuma ya pazia Mwanatumu akaanza kulia, kwa kuwa alimpenda yule mpumbavu. Shekuwe aliposikia kilio akachanganyikiwa kabisa. Akapiga magoti, akamshika mkwewe pindo la kanzu, akajaza wino mikononi, akasema, "Baba, nisikilize, neno moja tu!" Mshipa ukasimama kwenye paji la uso la Fundi Lali. Kila mtu aliona kuwa kauli itakayofuata itakuwa kiapo, na Fundi Lali hakuwa mtu wa kurudi nyuma akishaapa.

Hapo pazia likafunguka kwa kishindo. Alikuwa Bi Esha, mama yake Fundi Lali, kizee mfupi aliyeishi na mume mkerezaji miaka arobaini.

"Wee Shekuwe! Muachie!"

"Bibi, nataka kumweleza tu."

"Pembe yenye homa hainyolewi!" akasema Bi Esha, akimnyooshea mwanawe kidole. "Umeshapasua moja, na hii nayo unataka kuipasua? Ondoka. Nawe Lali, funga mdomo, ukabadili kanzu."

Mtu mzima Lali akafunga mdomo. Shekuwe akaondoka akitazama miguu yake. Wageni wakabaki kula pilau, kwa sababu pilau haikuwa na kosa.

Asubuhi yake Shekuwe akakata pembe nyingine, akaipaka mafuta, akaiweka kivulini. Safari hii hakwenda kwenye bao. Kila siku alipita mbele ya karakana ya Fundi Lali, akasema "Shikamoo, Baba," akaendelea na njia yake bila kungoja jibu. Wiki za kwanza jibu halikuwepo. Baadaye ukaja mguno. Miezi miwili ilipotimia, akalileta kerezo lake nje, mahali ambapo fundi angeweza kumwona, akaanza kunyoa. Vuta, simama, shavu. Vuta, simama, shavu.

Fundi Lali alivumilia siku tatu. Ya nne akatoka nje.

"Patasi yako butu," akasema. "Butu ndiyo inayotia moto. Lete hapa."

Akainoa mwenyewe, akamrudishia. Shekuwe akafungua mdomo kuuliza habari za harusi. Bi Esha, aliyekuwa kibarazani akichambua mchele, akatikisa kichwa. Shekuwe akafunga mdomo, akaendelea kunyoa. Siku hiyo ndipo alipokuwa fundi, kama mnataka kujua.

Kalamu ilipokamilika, laini na isiyo na hata mkwaruzo, Bi Esha akatua ungo. Akamwendea mwanawe pale alipokaa, akaweka kiganja kwenye shavu lake mbele ya watu wote, akangoja, akageuza mkono akapima na kwa mgongo wa kiganja.

"Imepoa," akamwambia Shekuwe. "Sasa nyoa."

Fundi Lali alijaribu kukasirika, akashindwa. Akacheka mpaka akajishika tumbo, palepale palipokuwa na ramani. Ijumaa ya wiki ile ile majina yakaandikwa, na Mwanatumu akaolewa na mpumbavu wake. Sheikh Badi alikuja amefunga ndevu zake zote ndani ya taulo, na hakuna aliyemlaumu.

Basi. Chungulieni dirishani. Mjomba Famau bado analipiga teke gurudumu, nalo halikumkosea kitu. Kama yupo kati yenu mwenye mkono wa kwenda kumpima shavu, mlango ule pale. Hakuna? Haya, kaeni, mahamri bado yapo, na harusi ni kesho kutwa. Pembe yenye homa hainyolewi.