Sarafu Juu ya Sindano

Aliishi Voi mtu aitwaye Mwakio, na marehemu baba yake alimwachia gramafoni ya umeme isiyozunguka. Pamoja nayo ilibaki santuri moja. Humo mama yake, Mghoi, aliimba ujanani na dada yake, Mkawasi: mama kwenye kiitikio, dada kwenye ubeti wa mwisho. Mkawasi alikwisha kufa. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote duniani, na mama, ambaye macho yake yalikuwa yanafifia, alitaka kuisikia kabla naye hajaenda.

Mwakio alikuwa mdadisi. Aliifungua gramafoni juu ya meza ya chakula, akataka kujua kila skurubu inashika nini na kwa nini. Mkanda wa mpira ulikuwa umelegea, akatia mpya. Akasafisha mota, akaitia mafuta. Ilipozunguka, hakuweza kuacha hapo: akaichongea sanduku la mninga, akaongeza spika, akaizungushia vitaa vya rangi.

“Mwanangu,” mama akauliza, “hii ni gramafoni au baa? Hata mimi naviona.”

Santuri ikawekwa. Mama akaitikia pamoja na ujana wake. Ubeti wa dada ulipofika, Mkawasi akatamka neno moja, sindano ikaruka, wimbo ukaisha. Mwakio akaifungua mashine tena. Akakagua mota, akakagua mkanda, akapima kama sanduku limelala sawa. Kitu pekee ambacho hakukikagua ni santuri, maana hiyo haikuwa na skurubu.

Jirani yao, Kilelu, alikuwa naibu wa chifu aliyestaafu, ingawa hakuna aliyemwona akiacha kazi. Alisikiliza mkasa wote, akatoa sarafu mfukoni, akaitazama nembo ya serikali kwa heshima.

“Iweke juu ya huo mkono wa sindano,” akasema. “Kinachorukaruka hukaliwa, bwana. Miaka yote ofisini sikutumia dawa nyingine.”

Na kweli, sindano ilitulia. Mkawasi akaimba ubeti wote. Mama akalia, akaomba urudiwe, na ukarudiwa kila siku. Sauti ilipoanza kukwaruza, Mwakio akaongeza sarafu nyingine, na Kilelu akasifu utulivu uliopatikana. Hata asubuhi moja sindano ikapita kwenye ubeti ule bila kuruka hata kidogo, na ndani yake hamkuwa na kitu ila mvumo, kama mchele unaopepetwa.

Ndipo Mwakio alipochukua lenzi, akaitazama santuri yenyewe. Pale ubeti ulipoanzia palikuwa na chembe za nta ya mshumaa, kitu cha kung'olewa kwa ukucha. Na pale palipokuwa na sauti palikuwa na mfereji mweupe, umelimwa na sindano iliyolemewa na sarafu.

Mama alikuwa bado anangoja kwenye kiti chake, kichwa amekiinamisha upande wa spika.

“Alikuwa anajikwaa tu, mwanangu,” akasema. “Sikukuomba umnyamazishe.”

Ninyi wenye nyumba, na ninyi wenye ofisi: yule aliyekuwa akirukaruka mbele yenu, na leo ametulia, mna hakika kwamba alipona?